Ndoo ya Bibi Redio, Nani Leo?

Jumatatu, 1 Julai
Mvua zimekwisha kweli, maana nguo zimekauka kabla ya adhuhuri, na hata suruali za jinzi hazina unyevu kiunoni. Naandika ili mkono usisahau. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima anasema mtu akikaa bila kuandika, herufi humkimbia. Mimi zangu nimezipata ukubwani, sitaki zinikimbie. Kwa hiyo kila nikipata nafasi nitaandika mstari, na nikiwa na la kusema nitasema.

La leo: maji yalitoka bombani alfajiri. Kwa sababu ya kazi ya kufua mimi ndiye huamka wa kwanza, na mimi ndiye hutoa habari. Nabonyeza simu nasema kwenye kikundi cha mtaa, jamani majirani zangu amkeni, bomba linalia, asiyekuwepo asinilaumu. Halafu nakohoa, halafu namalizia: ndoo ya Bibi Redio, nani leo? Mtu mmoja anajibu "mimi", imekwisha. Bibi Redio haoni. Chumba chake kiko chini, karibu na ngazi. Tunamwita hivyo kwa sababu habari zote anazo kabla yetu sisi wenye macho. Leo aliyejibu ni Mama Pacha.

Alhamisi, 4 Julai
Mashuka ya nyumba ya wageni. Mgongo.

Jumapili, 7 Julai
Binti yangu amekuja kula. Anafanya kazi Kampuni. Hapa ukisema Kampuni hakuna anayekuuliza ipi. Simu ni yao, kikundi chetu cha mtaa kimo ndani ya simu yao, nauli unalipa humo, matokeo ya mtoto shuleni unayasoma humo, hata daktari unamwomba nafasi humo. Na lile jumba lisilo na madirisha nyuma ya shule, tunaloliita Ghala, ni lao. Binti anasema ndani hamna watu wengi, ni mashine zinazoweka mambo ya watu wote, na zinapata joto kama mtu mwenye homa, lazima zipozwe kwa maji mchana na usiku. Nikamwambia basi ni kama wewe ulipokuwa mdogo, nilikuwa nakukanda na kitambaa kibichi mpaka kunakucha. Akacheka.

Ana ombi. Kampuni inataka simu iweze kuongea na watu wasiojua kusoma, na inatafuta sauti inayopendwa. "Mama, mtaa mzima unaamka kwa sauti yako," akaniambia. Nilikubali kabla hajamaliza. Mimi niliyekuwa natia dole gumba kwenye karatasi, leo niwasomee wengine.

Jumatano, 10 Julai
Wameniketisha kwenye chumba ambacho kuta zake ni laini kama godoro. Kijana mwenye vidude masikioni akasema niongee lolote. Nikamweleza namna ya kutoa doa la wino, nikamweleza nilivyomzaa binti yangu huku umeme umekatika, nikamweleza ugomvi wangu na Mama Pacha juu ya kamba ya kuanikia, ule tuliosameheana. Wakataka nicheke. Wakataka nikasirike, nibembeleze, nitaje saa. Kijana akasema kikohozi changu watakitoa. Nikamwambia akiweke pembeni, nikitoka nitakichukua, nimekizoea.

Jumatatu, 22 Julai
Kamba ya kisima cha uani haikufika kwenye maji. Nimeiongeza kipande cha kamba ya kuanikia.

Ijumaa, 26 Julai
Kampuni imenishukuru. Wamenishushia mashine ya kufulia, nyeupe, ina kidirisha cha duara. Majirani wote walikuja kuitazama kama bibi harusi. Tatizo ni kwamba inataka bomba la ndani lenye maji yanayosukuma muda wote, na mimi nina bomba la mtaa na kisima. Nimeitandikia blanketi, napigia pasi juu yake. Bibi Redio aliipapasa yote akauliza inakula nini. Nikasema maji. Akasema itakufa njaa hii.

Jumamosi, 3 Agosti
Leo simu ya Mama Pacha imemsomea tarehe ya kliniki ya watoto kwa sauti yangu. Nilikuwa nimekaa palepale nachambua vibanio. Mama Pacha akaniangalia, akaiangalia simu, akasema, "Yaani hata humu hunyamazi." Tumecheka mpaka pacha wakaamka. Nimemtumia binti habari hiyo. Jamani, raha.

Jumatatu, 12 Agosti
Bomba halikutoa. Kamba ya kisima nimeiongeza tena.

Fundi Baiskeli, yule wa kona, anapita kila mlango akisema ni Ghala, limechimba visima virefu kuliko vyetu na linayavuta maji chini kwa chini. Huyu bwana tangu nimjue analalamika. Kiti kikimchoma atasema ni serikali. Ingekuwa kweli mwanangu angeniambia.

Ijumaa, 16 Agosti
Halikutoa.

Jumapili, 18 Agosti
Lilitoa kidogo, maji ya rangi ya chai. Ndoo ya Bibi Redio amechota Fundi Baiskeli. Nimemshukuru, akasema usinishukuru, nenda ukatazame Ghala asubuhi.

Jumatano, 21 Agosti
Nimekwenda kutazama. Juu ya paa la Ghala unatoka mvuke mweupe, mzito, unapanda taratibu kama wa sufuria iliyofunuliwa. Hakuna moto. Ni maji yanakwenda juu. Nje ya ukuta kuna bomba nene kama paja langu, ukiliwekea mkono linatetemeka. Getini wamepanda maua na yote yamechanua. Mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema hapana, naangalia tu.

Nilisimama pale nikafikiria mashuka yote niliyoyarudisha bila kufua.

Jumapili, 25 Agosti
Nimemuuliza binti. Amesema suala hilo linafanyiwa utafiti. Nikamwambia mimi sikuuliza linafanyiwa nini, nimeuliza kama ni kweli. Akala kidogo, akawa anaangalia simu. Alipoondoka alinikumbatia muda mrefu. Moyo wa mama, nikaona labda kazi inamchosha.

Jumanne, 3 Septemba
Nyumba ya wageni wamepeleka mashuka yao kwa mtu mwingine, mtaa wa mbali. Sikuwalaumu. Kamba yangu yote ya kuanikia sasa iko kisimani. Hata nikifua sina pa kuanika.

Jumanne, 10 Septemba
Wakubwa wa mji watakuja getini kwa Ghala Alhamisi ya wiki ijayo. Kampuni inaomba kuchimba visima vingine na wao wanataka kusikia wananchi wanasemaje kabla ya kukubali. Fundi Baiskeli amesema kila mtu aje na ndoo tupu, tusipige kelele, ndoo zitasema. Nimependa. Yule bwana si mlalamishi kama nilivyodhani, ni kwamba alikuwa peke yake. Mimi nimetangaza kwenye kikundi, na watu wengi wamejibu watakuja. Mama Pacha ameniambia atakuja na ndoo mbili, na mtoto ndani ya kila moja.

Jumatatu, 16 Septemba
Joto. Mmoja wa pacha wa Mama Pacha anaharisha, ni maji ya chini kabisa ya kisima, yana mchanga. Nimewachemshia.

Alhamisi, 19 Septemba
Nitaandika yote leo, kabla mtu hajaniambia kwamba sikuona nilichoona.

Niliondoka mapema na ndoo yangu. Simu niliiacha mezani, chaji ilikuwa imekwisha na umeme haukuwepo. Ghala lenyewe halikosi umeme, lina mashine zake zinavuma. Getini nikamkuta Fundi Baiskeli, ndoo yake ameifunga nyuma ya baiskeli. Tukangoja. Wakaja wazee wawili wa mtaa wa pili, na mwalimu wangu wa kisomo. Nikawa naangalia barabara. Jua likapanda, barabara tupu.

Wakubwa wakashuka kwenye magari. Mmoja akatutazama, akauliza wananchi wako wapi. Bwana wa Kampuni, shati lake limepigwa pasi vizuri, najua pasi, akasema kwa upole kwamba pengine wananchi hawana malalamiko. Fundi aliongea mpaka koo likamkauka. Waliandika. Wakaingia ndani kunywa kitu baridi, na walipotoka wakatuambia visima vipya vimekubaliwa, kwa kuwa mwitikio umekuwa mdogo.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawasema majirani moyoni. Waoga. Watu wa maneno. Nilikuwa nimempangia Mama Pacha sentensi yake kabisa.

Nilipokata kona nikawaona wote. Foleni kutoka bombani mpaka kwenye ngazi, ndoo, madumu, makarai, watoto wamelala juu ya madumu, na jua liko utosini. Bomba kavu. Wakanigeukia kwa pamoja.

Mama Pacha akanijia. "Maji yako wapi?"

Nikamuuliza maji gani.

"Wewe umetukalisha hapa tangu asubuhi halafu unaniuliza maji gani?" Akanisogezea simu yake sikioni.

Ilikuwa mimi. "Jamani majirani zangu, mkutano umeahirishwa, wakubwa wamepata dharura. Maji yatatoka leo mara moja tu. Msibanduke bombani, asiyekuwepo asinilaumu." Na kile kicheko changu kidogo, ambacho sijui hata nakifanyaje, kilikuwemo. Ila mtu huyo hakukohoa.

Nikasema si mimi. Mtu nyuma akasema, "Kama si wewe ni marehemu mama yako," na wengine wakacheka kicheko kibaya. Fundi akasema nilikuwa naye getini tangu asubuhi, simu sina. Mama Pacha hakumtazama. Alinitazama mimi, na kwa sauti ya chini kabisa akauliza, "Na ile mashine ulipewa kwa uzuri wako?"

Mimi na huyu mwanamke tumezalishana.

Ndipo mtoto akaja kusema Bibi yuko mtaroni.

Bibi Redio alisikia ule ujumbe kupitia ukutani, simu zote zililia kwa pamoja. Akakaa mlangoni kungoja mtu ajibu "mimi", kama siku zote. Lakini sauti ile haikuuliza ndoo yake, na kwa kuwa haikuuliza hakuna aliyejibu, na kila mtu kwenye foleni alidhani ni mwenzake. Basi akachukua birika lake, akafuata ukuta kwa mkono. Mimi nimesema maji yapo, angekosaje kuniamini? Alikwenda upande usio na watu, akaanguka kwenye mtaro. Hatujui alilala hapo muda gani. Midomo ilikuwa imepasuka kwa jua. Nyonga imevunjika. Fundi na wanaume wengine walimbeba juu ya mlango wake mwenyewe, waliung'oa, mpaka hospitali.

Nilitaka kushika upande mmoja wa mlango. Mama Pacha akanitoa mkono.

Ijumaa, 20 Septemba
Umeme umerudi. Nimeweka chaji, nikaongea kwenye kikundi kwamba yule wa jana si mimi, ni mashine. Simu ikasema ujumbe wangu hauwezi kupita, sauti hii haijathibitishwa. Nimejaribu tena. Ikanijibu kwa upole nijaribu baadaye. Ilinijibu kwa sauti yangu.

Jumapili, 22 Septemba
Binti amekuja na matunda. Sikumkaribisha, sikumfukuza. Akakaa ukingoni mwa kitanda anapokaa siku zote.

Alianza kusema walioagiza ule ujumbe ni watu wa juu, waliogopa fujo, hakuna aliyetaka mtu aumie. Nilimwacha amalize. Nikamwambia kuna jambo moja linanisumbua. Yale maneno ya asiyekuwepo asinilaumu sikuyasema kwenye kile chumba cha godoro. Hayo nayasema kwa majirani kwenye kikundi na humu ndani. Nani aliiambia mashine kwamba nasema hivyo?

Akaangalia kucha zake.

"Niliandika mimi," akasema. "Ningekataa wangempa mtu mwingine aandike."

"Huyo mwingine asingejua kusema kama mimi."

Nje mtu alikuwa anavuta ndoo kisimani, unasikia inagonga mawe, haina kitu. Nikamuuliza na Bibi je. Bibi aliyembeba mgongoni nikiwa naanika, aliyemfundisha kuhesabu kwa vibanio vyangu. Miaka yote umesikia ninavyomalizia. Mbona ndoo ya Bibi hukuiuliza?

Nilitaka aseme alisahau. Namwomba Mungu anisamehe, nilitaka mwanangu anidanganye.

"Ilikuwemo, Mama. Wakasema ni ndefu. Nikaitoa."

Nikamwambia aende. Hakubisha. Matunda ameacha juu ya ile mashine, sikuyagusa.

Jumatatu, 23 Septemba
Sikulala vizuri.

Jumamosi, 5 Oktoba
Nimekwenda hospitali kumwona Bibi Redio. Nilimwamkia, hakuitika. Nikasema ni mimi. Akasema, "Hivyo ndivyo alivyosema na yule wa kwenye simu." Akanyoosha mkono akataka wangu. Bibi ananijua kwa mikono, miaka yote viganja vyangu vimepasuka kwa sabuni, alikuwa anasema kunishika ni kama kushika gome. Akavipapasa. Akapapasa tena, kidole kwa kidole. Akaniachia.

"Mikono laini hii. Wewe nani?"

Sikuwa nimeona. Sijafua wiki ngapi, mikono imepona yenyewe.

Nilikaa pale kama mgeni. Nikafungua mdomo kumweleza, na badala ya maneno kikaja kikohozi changu, kile kirefu, kikanikamata mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaniletea maji. Kilipokwisha Bibi alikuwa amegeuza uso upande wangu. Akasema nisogeze kiti karibu naye, nisipigwe na jua.

Jumanne, 8 Oktoba
Wameanza kuchimba. Ukuta wa chumba changu unatetemeka, vikombe vinaongea.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mimi na Fundi Baiskeli tumeipakia mashine kwenye mkokoteni tukaishusha getini kwa Ghala, katikati ya maua. Mlinzi akauliza imeharibika? Nikamwambia haijawahi kufanya kazi. Mtaa mzima ulituona tukipita nayo, hakuna aliyetoka, ila pacha, wadogo vile, walitusaidia kusukuma kwenye mwinuko na mama yao hakuwaita.

Alhamisi, 17 Oktoba
Bomba limetoa kidogo, alfajiri. Simu sikuigusa. Nimechukua kibao ninachopigia mashuka nikifua nikapanda ngazi, nikagonga mlango mmoja mmoja. Kila aliyefungua alinitazama usoni kwanza, kisha mdomoni, kama anangoja kuona kama unasogea. Wengine wakafunga. Wengine wakachukua ndoo. Kwa Mama Pacha nilipogonga mwanga uliwaka ndani, mlango haukufunguliwa.

Jumanne, 22 Oktoba
Nimegonga. Mama Pacha hajafungua. Mawingu yanakuja jioni, yanaondoka.

Jumatatu, 28 Oktoba
Mawingu.

Jumamosi, 2 Novemba
Bibi Redio amerudishwa, anatembelea fimbo, na mlango wake Fundi ameurudisha kwenye bawaba. Fundi pia ananisaidia kuandika malalamiko ya kupeleka kwa wakubwa wa mji, maneno nayaweka mimi kwa mkono wangu, polepole. Watu wanne wametia majina. Wengine wanasema kwanza wanataka kufikiria. Sawa.

Jumatano, 6 Novemba
Nimegonga alfajiri. Kwa Mama Pacha niligonga mara moja nikageuka niende, nimezoea. Mlango ukafunguka. Alikuwa na khanga kichwani na mtoto begani. Hakunisalimia, na mimi sikumsalimia. Nilijikuta nimesema, kwa sauti ndogo, ndoo ya Bibi Redio, nani leo?

Alimhamishia mtoto bega la pili. Akasema, "Mimi." Akafunga mlango kwa nguvu, lakini ndoo alikuja kuichukua.

Jumapili, 10 Novemba
Mvua. Imeanza mchana kwa kishindo, watu wote wako nje na makarai, Bibi Redio ameketi mlangoni kwake amenyoosha miguu inyeshewe. Kamba nimeipunguza kisimani, nimerudisha kipande cha kwanza kwenye nguzo. Hakuna nguo, nimeifunga tu niione iko mahali pake.

Maji haya ni ya siku chache. Visima vya Ghala vipo, na mvuke wake hata kwenye mvua unaonekana.

Jioni simu imelia, namba ya binti. Tangu siku ile alikuwa hajapiga. Nikapokea. "Mama, nimeacha kazi. Nisamehe. Nataka kuja nyumbani." Ni sauti yake, na pale kwenye neno nyumbani imekatika kidogo kama anavyofanya akiwa analia tangu alipokuwa mtoto. Nilitaka kusema njoo. Neno lilifika kwenye ulimi.

Lakini mimi pia nilikuwa na kicheko changu mle ndani ya ule ujumbe wa bombani.

Nikamwuliza ndoo ya Bibi Redio tulikuwa tunaweka wapi alipokuwa mdogo. Akanyamaza, mvua ikawa kubwa, sijui kama hakusikia au hajui au hakuna mtu upande ule. Nikakata.

Sasa nimekaa. Nimechemsha maji mengi kuliko ninayohitaji, na blanketi lililokuwa juu ya mashine nimelitandika kitandani, pale ukingoni. Komeo sijaliweka. Kama ni yeye, njia anaijua, na mlango huu hausukumwi kwa sauti.